Kibao cha Tatu

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Balad, mji mkongwe wa Jeddah, Awino aliinua gunia lililoning'inia kwenye ukuta wa Nyumba ya Roshani Tano, akakuta nyuma yake hakuna kitu.

Alikuja na kamera kupiga picha kibao cha tatu. Vibao vyote vilikuwa saba, vya shaba, kila kimoja kikubwa kama sinia la pilau, na vilifungwa kando ya njia kuanzia pale bahari ya Jeddah ilipokuwa ikifika zamani hadi mahali palipokuwa na lango la ngamia. Mpita njia aliweza kuisoma historia ya mji huku akitembea. Maneno ya vibao hivyo aliyaandika Awino mwenyewe, Mkenya aliyeajiriwa kwa mkataba na kampuni iliyokarabati mtaa ule. Ufunguzi ulipangwa kufanyika Jumanne.

Alipoliona gunia alidhani mafundi wamekifunika kibao kisichafuke. Sasa alikuwa akitazama ukuta mtupu. Hata matundu manne ya skrubu hayakuonekana. Yalikuwa yamezibwa, na lipu nyeupe imepitishwa juu yake.

"Mhandisi!" aliita. "Mhandisi Talal! Njoo uone!"

Mhandisi Talal alitoka ofisini kwake mbio, pindo la kanzu ameshika mkononi. Nyuma yake alikuja Fundi Vuai Shaame, Mpemba mwenye ndevu nyeupe, msimamizi wa mafundi wa chokaa. Kwa miaka thelathini alikuwa akitengeneza nyumba za mawe ya matumbawe, na pale kazini wadogo kwa wakubwa walimwita Babu.

Fundi Vuai aliinama, akatazama, akasonya.

"Saruji nyeupe hii," alisema. "Huyu si mtu wa ukuta. Kaiba, kaziba kwa saruji, kaokota gunia letu kafichia. Saruji juu ya matumbawe! Hata haya hana!"

Talal hakujali saruji wala matumbawe. Aliuliza jambo moja tu. "Nani alikuwa zamu jana?"

Jana ilikuwa Ijumaa, siku ambayo hakuna kazi. Mlinzi wa mchana alikuwa Gilbert, kijana wa Busia mwenye mwaka mmoja na nusu Saudia. Aliitwa, akaja, akavua kofia.

"Jana ulikaa hapa mchana kutwa?"

"Nilitoka kidogo, bosi."

"Wapi?"

Gilbert alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza, wapi?"

"Siwezi kusema, bosi. Lakini mimi si mwizi."

"Halas," alisema Talal. Alichukua ikama ya Gilbert, kile kibali cha kuishi nchini, akaagiza kijana akae katika chumba cha walinzi wala asitoke. Kisha aliipigia simu kampuni ya ulinzi iliyoko Riyadh. Aliwapa hadi Jumatatu asubuhi. Mwizi asipopatikana, Gilbert angekabidhiwa polisi.

*

Simu hiyo ilimfikia Silas Mwadime katika chumba chake cha Shumaisi, Riyadh, akipasi shati. Silas alikuwa Mtaita wa Voi, sajini mstaafu wa upelelezi, na sasa msimamizi wa walinzi Wakenya katika kampuni ile. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akauliza:

"Ni gari gani liliondoka mtaa ule Ijumaa?"

Lilikuwa moja. Lori la vifaa liliondoka Balad Ijumaa alasiri kuja Riyadh, na dereva wake aliitwa Robinson. Muuza maji mmoja alikuwa amemwona Robinson akipakia kitu kipana, kizito, kimefungwa kwa blanketi.

Saa kumi za Jumamosi Silas alikuwa Manfuha, kusini mwa Riyadh, ambako nyumba ni za zamani na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi maswali. Lori alilikuta limeegeshwa katika uchochoro. Robinson alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba moja akinywa chai. Alipomwona Silas aliinuka, akakaa tena.

"Kaa tu, Robinson. Blanketi iko wapi?"

"Blanketi gani, afande?"

"Ile uliyofungia kitu kizito jana pale Balad."

Jasho lilimtoka Robinson. "Ai, afande, hiyo story imefika Riyadh kabla yangu?"

"Imepanda ndege. Kitu kiko wapi?"

"Kiko ndani. Lakini afande, tafadhali, bosi asijue. Tumekatazwa kubeba mizigo ya watu kwa lori. Nikifutwa, nitarudi Ahero kufanya nini?"

"Ukinidanganya utafika Ahero haraka zaidi. Fungua mlango."

Ndani kulikuwa na jiko, moshi na harufu ya unga wa ngano. Mwanamke mnene aliyefunga kitambaa kichwani aligeuka, mwiko mkononi.

"Wewe Robinson! Umeleta polisi kwa jikoni yangu?"

"Mama Nyambura, pole, ni huyu—"

"Pole ya nini? Wanaume wa Manfuha wanangoja chapati, na wewe unaniletea mtu wa suti!"

Silas alitazama jiko. Juu ya moto palikuwa na duara pana la chuma kizito, jipya, na chapati nne zilikuwa zikiiva juu yake kwa pamoja. Kwenye kona blanketi lilikuwa limekunjwa.

"Hiki ndicho ulichobeba?"

"Ndicho, afande. Chuma ya chapo. Kuna fundi wa Jeddah anazitengeneza poa. Mama Nyambura aliagiza tangu mwezi jana."

Silas alikigonga chuma kwa kalamu yake, akasikiliza. Hakikuwa shaba. Alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya unga, na ndani ya lori lote mpaka kwenye gurudumu la akiba. Baadaye aliwazungukia wanunuzi wa vyuma chakavu wa mtaa ule. Hakuna aliyeletewa shaba wiki ile. Akarudi kwa Nyambura, akala chapati mbili akiwa amesimama, akalipa.

"Sasa naweza kwenda?" aliuliza Robinson.

"Nenda. Na ukibeba tena, usifunge blanketi. Kitu kilichofunikwa ndicho watu hukikumbuka."

Alipotamka maneno hayo alilikumbuka gunia la Jeddah, alilosikia habari zake kwenye simu. Mwizi wa kawaida huchukua mali akakimbia. Huyu alikaa. Aliziba matundu, akasawazisha lipu, akatundika gunia. Kwa nini mwizi ajitie kazi ya ufundi wakati kila dakika ni hatari?

*

Jumapili asubuhi Silas alishuka Jeddah, akaenda moja kwa moja chumba cha walinzi. Gilbert alikuwa amekaa kitandani, hajanyoa ndevu.

"Umekula?"

"Nimeletewa. Babu Vuai aliniletea mkate na maziwa."

Silas alifunga mlango, akavuta kiti. "Ulitoka saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Nikarudi saa nane."

"Kwa mwanamke?"

"Hapana, afande!"

"Kwa pombe?"

"Mimi sinywi."

Silas alisogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Gilbert, nimekaa nchi hii miaka minane. Mimi pia nyumbani nilikuwa nasali Jumapili. Hapa kanisa hakuna na Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo nasali Ijumaa, sebuleni kwa mtu, na nyimbo tunaziimba chinichini. Niambie kama nimekosea."

Kijana aliinua uso. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Hujakosea."

"Kwa nini hukusema?"

"Kuna akina mama pale, afande. Hannah na Serah. Wanafanya kazi kwa nyumba za watu. Madam zao wanajua wameenda sokoni. Nikitaja hiyo nyumba, wao ndio wataumia. Afadhali mimi."

"Sitaiandika mahali popote. Lakini nani mwingine alijua kwamba Ijumaa utatoka?"

"Hakuna mtu mwenye anaweza kuiba."

Silas alimtazama. Kijana alikuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Silas hakumsukuma. Aliliweka jibu hilo moyoni, akatoka.

*

Awino alimtembeza njia nzima. Kibao cha kwanza kilisimama kando ya barabara yenye magari, mbali na maji, nacho kilisema kwamba hapo ndipo bahari ilipoishia kabla haijafukiwa. Kibao cha pili kilieleza habari za birika la mvua, enzi ambazo maji matamu yaliuzwa kwa pipa mgongoni mwa punda. Silas alisoma vyote viwili mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa mtu asiyeruka maandishi.

"Na cha tatu kilisema nini?"

"Hicho nilikipenda zaidi," alisema Awino. "Kilisema Nyumba ya Roshani Tano ilijengwa na Fundi Vuai bin Faki wa Pemba, aliyekuja kuhiji, meli ikamwacha, akabaki Jeddah miaka saba akijenga ndipo akarudi kwao. Huyo ni babu yake Fundi wetu. Ebu fikiria! Mjukuu anakarabati ukuta uliojengwa na babu yake."

"Habari hizo ulizipata wapi?"

"Kwa Fundi mwenyewe. Miaka miwili iliyopita."

"Kwake tu?"

Awino alisimama. "Sasa ningemuuliza nani? Wenye nyumba walikufa, hati hakuna. Mzee wa watu anajua kila jiwe la mtaa huu, nimwambie alete cheti?"

"Sijakulaumu. Nauliza tu. Basi aliyeibiwa ni yeye hasa."

"Yeye kabisa. Na vile nilikuwa nimempangia surprise! Kwa wageni wa Jumanne kuna ujumbe kutoka Zanzibar. Nilifanya juu chini kaka yake mkubwa awekwe kwenye huo ujumbe. Mwalimu Mjaka, amestaafu, ndiye huweka nasaba ya ukoo wao. Hawajaonana miaka kumi na mbili. Alhamisi jioni nikamwambia Fundi, 'Kaka yako anakuja kusoma jina la babu yenu.'"

"Akasemaje?"

"Alikaa chini tu. Nilijua ni furaha imemzidi."

"Na Alhamisi jioni kibao kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Tulikuwa tumesimama mbele yake."

Walifika kwenye Nyumba ya Roshani Tano. Utepe mwekundu ulizungushwa mbele ya ukuta, na mlinzi mpya aliyeitwa Stephen alisimama wima kama mlingoti. Tangu Jumamosi, Talal alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa ukuta ule. Gunia lilikuwa limerudishwa mahali pake.

"Nani amepita hapa, Stephen?"

"Hakuna mtu, afande."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, afande. Ni mafundi tu wanapita na ndoo zao."

Silas aliinama chini ya utepe, akashika gunia. Lilikuwa limelowa maji. Aliangalia juu: jua la saa tano lilikuwa likiwaka, na nguo iliyotundikwa pale ingekauka kabla hujamaliza kunywa chai. Aliinua gunia akabonyeza lipu kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha uliingia, ukaacha alama kama mwezi mchanga.

Silas alikuwa akijenga nyumba Voi kwa njia ya simu, kama Wakenya wengi wa Saudia, na habari za saruji alizijua kwa machungu. Saruji inayomwagwa asubuhi, kesho yake unaikanyaga kwa viatu. Hii ilikuwa na siku ya pili na bado ilikuwa laini kama jibini. Aliliteremsha gunia polepole.

*

Fundi Vuai alimkaribisha barazani pa karakana, penye mkeka, tende na buli la kahawa. Nyuma yake lilikuwa shimo kubwa la chokaa iliyorowekwa, nyeupe, maji yametanda juu yake.

"Karibu, baba. Polisi mstaafu hanywi chai, atakunywa kahawa."

"Nitakunywa chochote cha bure, Fundi."

Mzee alicheka. "Kumbe wewe ni Mpemba mwenzangu!"

"Pole kwa msiba wa kibao."

"Nimeshapoa. Mali ya dunia hii."

"Lakini si mali tu. Ni jina la babu yako."

"Ndiyo. Jina la mzee wangu." Alimimina kahawa taratibu.

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nilisali, nikarudi kulala. Mtu wa umri wangu akishasali Ijumaa ana kazi gani tena?"

"Umesema mwizi alitumia saruji nyeupe."

"Saruji, tena ya kiwandani. Tafuteni kwa wajenzi wa magorofa, si hapa. Hapa hatuiingizi hata kijiko. Saruji huyaua matumbawe."

"Nimesikia kaka yako anakuja Jumanne."

Fundi Vuai aliweka finjani chini. "Inshallah. Lakini, baba, atakuja kuona nini? Kibao hakipo. Mtu mzima, miguu mibovu, asafiri yote hayo aje atazame ukuta mtupu? Nimemwambia Awino, mwambieni tu asijisumbue. Na wewe nisaidie kumwambia."

"Hamjaonana miaka kumi na mbili."

"Tutaonana akhera, Mungu akipenda."

Silas alishukuru, akaondoka. Njiani alijiuliza maswali. Mtu aliyeshika chokaa miaka thelathini anawezaje kuiona chokaa isiyokauka hata siku ya pili akaiita saruji? Hawezi kukosea. Basi amedanganya. Na ndugu wa tumbo moja, baada ya miaka kumi na mbili, anaambiwaje asije? Hata hivyo, uongo si wizi. Mhandisi Talal asingemwachia Gilbert kwa sababu ya alama ya ukucha.

Alimwendea Talal, akazungumza naye kwa nusu saa, Awino akitafsiri pale Kiingereza kilipowaishia wote wawili. Talal alitikisa kichwa mara nyingi. Mwishowe alisema, "Yalla. Lakini kesho asubuhi ni kesho asubuhi."

Saa sita mchana mafundi wote waliitwa mbele ya ukuta. Walikuwepo Wayemeni, Wapakistani, na Fundi Vuai mbele yao. Silas alilivua gunia, akalikunja, akalitia kwapani.

"Polisi wanakuja kesho," alisema, na Awino akatafsiri. "Wanataka kuuona ukuta ulivyo, bila gunia. Fundi ametuambia hii ni saruji, na saruji imeshakauka, jua haliidhuru. Kwa hiyo mtu asiiguse. Stephen, nawe nenda ukale, kisha ukae getini. Hapa hapana cha kulinda tena."

Wayemeni waliinua mabega, wakaenda zao. Wapakistani walifuata. Fundi Vuai alikuwa wa mwisho kuondoka. Aligeuka kuutazama ukuta, akatazama jua, ndipo akaenda.

*

Silas, Awino na Talal walikaa ndani ya nyumba hiyohiyo, nyuma ya roshani ya ghorofa ya kwanza, ambayo mbao zake zimetobolewa ili wa ndani aone nje na wa nje asione ndani. Joto lilikuwa kali.

"Na asipokuja?" alinong'ona Awino.

"Asipokuja nitakuwa nimekosea, na Gilbert ataumia."

"Mimi bado siamini. Mtu anaibaje heshima yake mwenyewe?"

"Hilo ndilo sijui. Najua kitu kimoja tu. Kila fundi hapa ameambiwa ile ni saruji, na ameamini. Anayeamini hana haja ya kuinyunyizia maji. Atakayeleta maji ni yule anayejua ni chokaa mbichi, ambayo jua likiikausha upesi hupasuka. Na anajua kwa sababu aliipaka yeye."

Adhana ya alasiri iliita, ikaisha. Maduka yalifunga na mtaa ukawa mtupu. Chini yao, kwenye lipu nyeupe, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza kujichora.

Ndipo wakasikia kandambili. Fundi Vuai alikuja polepole, ndoo mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Alisimama kwanza kwenye ukuta wa jirani, akaunyunyizia. Alitazama huku na huku. Kisha akapita chini ya utepe, akaugusa ule ufa kwa kidole, akasema kitu peke yake, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Alichovya brashi, akaanza kuulowesha ukuta kuanzia juu kushuka chini.

"Fundi," aliita Silas kutoka roshanini. "Saruji hiyo ina kiu."

Brashi ilisimama. Mzee hakukimbia. Alimaliza kipande kilichobaki kikavu, akaweka ndoo chini, akangoja washuke.

*

Talal alitaka mambo yaishe ofisini, lakini Silas aliomba Gilbert aitwe. Walisimama karakanani, kando ya shimo la chokaa.

"Kibao kiko wapi?" aliuliza Talal.

Fundi Vuai alionyesha shimo. Fundi mmoja aliingiza koleo, akachokonoa, akagonga kitu. Walikivuta juu, kimejaa rojo jeupe. Talal alikimwagia maji, na maandishi yakajitokeza.

"Soma jina," Silas alimwambia mzee.

"Nalijua."

"Huyu ni nani?"

"Babu yangu."

"Alijenga nyumba hii?"

Awino alikuwa amejishika mdomo.

"Babu yangu alikuwa mchuma karafuu," alisema Fundi Vuai. "Hakuvuka bahari hata kwenda Unguja. Jiwe hakulichonga maisha yake yote."

"Lakini uliniambia!" Awino alipaza sauti. "Fundi, nilikuuliza mara tatu!"

"Uliniuliza, mwanangu. Ulisema, 'Fundi, nani alijenga nyumba hii?' Ningekujibu sijui, maana hakuna ajuaye. Wangeandika jina la tajiri, kama kawaida. Nimetengeneza nyumba za watu miaka thelathini, na hakuna hata moja yenye jina la mtu wa kwetu. Na waliotoka kwetu walikuwapo, najua, mikono yao naiona ndani ya kuta. Majina yao ndiyo siyajui. Basi nikataja nililolijua. Wewe ukafurahi, ukaandika. Siku ya pili niliona haya. Siku ya tatu nikazoea. Kilipotundikwa, nilikuwa nikipita mbele yake kila asubuhi bila kuwa na haja ya kupita."

"Mpaka Alhamisi," alisema Silas.

"Mpaka Alhamisi. Kaka yangu anaijua nasaba yetu kama Alhamdu. Angesoma mbele ya wageni. Hangenitukana, Mjaka hana ulimi mbaya. Angenyamaza tu, aniangalie. Mtazamo huo ndio nilioukimbia."

"Na matundu? Ungeng'oa ukaondoka, leo usingejulikana."

Mzee aliitazama mikono yake. "Kung'oa kulibandua lipu. Ningeacha ukuta wazi, chumvi ingeingia. Nilisema niyazibe kwanza. Kisha nikawaza, mkitazama mtaona chokaa, mtajua ni mtu wangu, ndiyo nikasema saruji."

Talal alipotafsiriwa hayo aliuliza kitu kwa Kiarabu, Awino akatafsiri kwa sauti dhaifu. "Anauliza, ulijuaje kwamba mlinzi hayupo?"

Aliyejibu ni Gilbert.

"Mimi nilimwambia. Kila Ijumaa namwambia yeye tu. Naye huniambia, 'Nenda ukasali, mwanangu, Mungu ni mmoja, mlango nitakutazamia.'" Alimgeukia mzee. "Babu, Jumamosi uliniletea mkate."

"Nilikuletea."

"Ulikaa pale ukiniangalia nikila. Ulijua."

"Nilijua. Nilidhani watakuhamisha Riyadh tu, halafu basi. Nilidhani mambo yatapoa."

"Na polisi wangekuja kesho? Ungesema?"

Mafundi waliokuwa wamekusanyika hawakuelewa Kiswahili, lakini uzito wa swali waliuelewa, na hakuna aliyetikisika. Gilbert alingoja jibu. Alingoja kama mtu anayetaka sana apewe jibu zuri, hata la uongo. Fundi Vuai aliinama, akafuta kwa kiganja rojo lililobaki kwenye kibao.

Talal alitoa uamuzi wake papo hapo. Kibao cha tatu hakitatundikwa, na Awino ataandika kingine kitakachosema kwamba aliyejenga nyumba hiyo hajulikani. Mkataba wa Fundi Vuai umekwisha. Atapewa hati ya kuondoka nchini. Lakini kabla ya hapo, Jumatatu jioni, yeye mwenyewe atakwenda uwanja wa ndege kumpokea kaka yake, na kumweleza kwa kinywa chake. Hilo la mwisho lilimwinamisha mzee kuliko mengine yote.

Kisha Talal alitoa ikama mfukoni, akamrudishia Gilbert. Alisema samahani kwa Kiingereza, haraka, kama mtu asiyezoea neno hilo. Silas akaongeza kwamba habari ya mahali alikokwenda Ijumaa imefungwa, na hakuna atakayeiuliza tena.

Watu walianza kutawanyika. Fundi Vuai alimsogelea kijana, mikono yake bado ina chokaa.

"Nisamehe, mwanangu."

Gilbert aliitia ikama mfukoni, akafunga kifungo.

"Nimekusamehe, Fundi," alisema. "Lakini hilo la mwanangu, usiniite tena."

Akaenda getini kumpokea Stephen zamu.